Mshairi alikuwa wapi risasi ilipolia?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita mkoani Lindi. Tulipewa kazi ya kulinganisha jinsi washairi wawili wanavyosawiri mgogoro katika mashairi ya vita. Nikachagua Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert. Nilijaza kurasa nne: wote wametumia bahari ya utenzi, wote wametumia takriri na tashbiha, wote wanaonyesha ubaya wa vita. Kazi ikarudi na maneno mawili ya wino mwekundu: "Umeorodhesha, hukulinganisha." Tofauti yake ni nini? Na lipo linaloniuma zaidi. Bibi yangu ni Mmatumbi. Jamaliddini ni mtu wa Lindi, wa kwetu kabisa. Mbona anawatazama waliokunywa maji kama watu waliopotezwa? Nikimwandika, nimtetee au nimshutumu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Maneno yale mawili ni ya kweli, ingawa aliyeyaandika angeweza kuongeza la tatu la kukuelekeza. Mimi mwenyewe nimesahihisha insha za namna hiyo kwa miaka mingi, na sijui ni mara ngapi nimesoma kwamba "washairi wote wawili wametumia lugha ya picha". Ni sawa na mtu aliyefika ghalani wakati wa msimu, akayatazama magunia mawili, akatangaza kuwa yote yana korosho. Yana korosho, ndiyo. Kazi ni kutia mkono ndani, kuzitoa chache, kuzipasua, kisha kueleza kwa nini za gunia hili zimejaa na za lile zimesinyaa.

Kisu cha kupasulia kiko cha kila aina, na walimu wako watakuwa wamekupa vingi: dhamira, toni, nafsineni, muundo. Mimi nikibanwa nibaki na kimoja, nitabaki na swali hili: mshairi alikuwa wapi risasi ilipolia? Sisemi kilomita peke yake. Alikuwa porini au barazani? Aliona, alisimuliwa, au alisoma gazetini? Alikuwa akimwimbia nani, na nani alikuwa na uwezo wa kumdhuru kama ubeti ungemchukiza? Ukishapata jibu, vile vitu ulivyoviorodhesha vitaanza kuwa na sababu ya kuwapo.

Nikuonyeshe kwa mfano wa huku kwetu. Ukitoka Lindi kwenda Masasi, kabla hujafika Ndanda, unapita Nyangao, na jirani yake ni Mahiwa. Mahali hapo, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipambana na jeshi la Waingereza lililokuwa na Wanijeria na askari wa KEYA, yaani King's African Rifles, kikosi cha Waafrika chini ya Waingereza. Upande wa Waingereza ulipoteza watu wapatao 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa. Nimetunga beti mbili juu ya siku hizo. Usizitafute kitabuni, ni zangu, nimezitunga kwa ajili yako tu. Wa kwanza:

Mizinga ikanguruma,
Jeshi likasonga nyuma,
Mara likarudi hima,
Pale Mahiwa bondeni.

Wa pili:

Begani nina sanduku,
Nimesahau na siku,
Risasi huku na huku,
Nami sijui ya nani.

Beti zote ni za utenzi: mistari minne, mizani nane kila mstari, vina vitatu vya kwanza vinafanana na cha nne kinabeba bahari, hapa ni -ni. Ungekuwa unaorodhesha, ungesema zinafanana ukaenda kulala. Sasa tazama vitenzi kabla hujakimbilia tashbiha. Katika ubeti wa kwanza kila kitenzi kina -ka-: ikanguruma, likasonga, likarudi. Hiyo -ka- ni ya msimulizi, mtu anayejua kisa kinakoishia na ameketi mahali salama akikipanga tukio baada ya tukio. Halafu tazama watendaji. Mzinga unanguruma wenyewe, kana kwamba hakuna mtu aliyeuwasha. Jeshi linasonga kama mawimbi. Mtu mmoja humwoni. Huo ni ubeti wa mwenye ramani.

Ubeti wa pili hauna -ka- hata moja. Una nina, nimesahau, sijui. Mpagazi hajui kisa kitaishia wapi, kwa hiyo hana namna ya kusimulia. Anachoweza ni kutaja kilicho begani. Na angalia kina cha bahari kinavyofanya kazi mbili tofauti. Ubeti wa kwanza unafunga kwa mahali, "bondeni", kama kidole juu ya ramani. Wa pili unafunga kwa kitu asichokijua mtu, "ya nani". Mgogoro wa ubeti wa kwanza ni wa majeshi mawili. Wa pili ni wa mtu mmoja na vita vyenyewe, pande zote mbili zikiwa hazimhusu. Umeona? Bahari ileile, siku zilezile, bonde lilelile, lakini kilichoitwa "vita" si kitu kimoja.

Hapo ndipo kulinganisha kunapoanza: pale ambapo kinachofanana kinakusaidia kuona kinachotofautiana.

Kuna jambo kuhusu wiki hiyo ambalo sijawahi kulizoea. Katikati ya Oktoba 1917, wakati Mahiwa inawaka, kijana Mwingereza aitwaye Wilfred Owen alikuwa Scotland, katika hospitali ya kijeshi, ametoka kwenye mahandaki ya Ufaransa akili imetikisika. Katika barua ya tarehe 16 Oktoba alimwambia mama yake kuhusu shairi jipya juu ya gesi ya sumu. Ni lile linaloitwa kwa Kilatini "Dulce et Decorum Est", maneno ya Horace wa Roma ya kale kwamba ni tamu na ni fahari kufia nchi. Owen anamwonyesha msomaji askari aliyechelewa kuvaa barakoa, anavyozama katika hewa ya kijani kama mtu anayezama baharini, kisha anasema yale maneno ya Horace ni uongo. Owen mwenyewe aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja kabla vita havijasimama.

Mweke karibu na Tennyson. Mwaka 1854, katika vita vya Crimea, wapanda farasi wa Uingereza walitumwa kwa makosa kuikabili mizinga ya Warusi pale Balaclava. Tennyson hakuwapo. Alisoma habari gazetini, akatunga shairi lenye mdundo wa kwato, mia sita wanakwenda, mia sita wanakwenda. Ni shairi zuri, masikio hayakatai. Lakini linapofika kwenye kosa, linasema tu kuwa mtu fulani alikosea, likapita. Mtu fulani! Aliyeko mbali anaweza kumwacha mkosaji bila jina kwa sababu farasi wanapendeza zaidi. Owen hana farasi. Ana mtu mmoja, uso mmoja, na mapafu yake.

Mahiwa haikuwa na Owen. Wapagazi walikuwako, wengi mno, maana vita vile vilibebwa na mabega ya mamia ya maelfu ya watu, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi chao, Carrier Corps. Ila hawakuwa na kalamu wala mama anayesoma barua. Walikuwa na nyimbo. Ule wimbo wa askari wa KEYA umewahi kuusikia, hata watoto wameuimba: funga safari, amri ya nani, amri ya Bwana Kapteni, amri ya KEYA. Watu huuchukulia kuwa wimbo wa kuchangamsha mwendo, na kweli unachangamsha. Lakini usikilize kama mchambuzi. Kiini chake ni swali, na swali linarudiwa. Tennyson alisema mtu fulani, askari anauliza nani, na anajibiwa kwa cheo. Hakuna adui katika maneno hayo. Mgogoro wote uko kati ya anayefunga mzigo na anayeamuru ufungwe. Ningekuwa mtunga mitihani ningeuweka wimbo huo kando ya utenzi wowote wenye beti elfu, na nisingeona haya.

Sasa tuje kwa mtu wako wa Lindi.

Unajua kisa chenyewe, bibi yako atakuwa amekusimulia kuliko mimi. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga. Umatumbi si mbali na Lindi kwa macho ya leo. Kwa macho ya mtu wa mjini wa mwaka 1905 ilikuwa mbali sana. Katika siku zile za mwanzo wapiganaji walimshambulia akida wa Kibata na wakateketeza maduka ya Samanga. Fikiria akida ni nani: mtu wa pwani, Mwislamu, anajua kusoma, mtumishi wa serikali. Fikiria mwenye duka ni nani. Hao ndio aina ya watu ambao msomi wa Lindi alikuwa akikutana nao msikitini na barazani. Kwa hiyo Jamaliddini hakuwa mbali na risasi kama Tennyson, wala karibu nayo kama Owen. Alikuwa mahali pa tatu, ambapo wanafunzi wengi hupasahau: mjini, siku chache za mwendo kutoka kwenye moshi, akisubiri kama utamfikia.

Mtu wa mahali hapo huogopa. Na anayeogopa hatungi kama anayetaka kujua aliyeko upande wa pili anafikiri nini. Dawa ya maji anaiona udanganyifu, na waliokunywa anawaona waliodanganyika. Unaposoma tena, chukua penseli na upige mstari chini ya kila jina analowaita wapiganaji, na kila jina analoliita jeshi la serikali. Usiandike kwamba mshairi "ametumia msamiati wenye mvuto". Andika majina yenyewe, kisha ueleze ni nani katika Lindi ya wakati ule angeyatumia.

Hapa kuna mtego, nami nakuonya kwa sababu nimeona wazuri wakinaswa. Utashawishika kusema: alikuwa mwungwana wa pwani, na waungwana wa pwani walikuwa vibaraka wa Mdachi, yaani Mjerumani. Basi msome Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi juu ya Wadachi walivyoutamalaki Mrima, vita vya Abushiri vya 1888 na 1889. Hemedi naye ni mwanachuoni wa pwani. Bahari yake ni hiihii ya mizani nane. Dua ya ufunguzi ni ya mila ileile. Lakini yeye yuko upande wa wapwani wanaopigana, na Mdachi kwake ni mtu aliyekuja kuuvunja mji wa watu. Hata huku kwetu, Septemba 1888, watu wa Kampuni ya Wajerumani walifukuzwa Lindi na Mikindani. Tabaka lilelile, chuo kilekile, utenzi uleule, miaka kumi na saba tu katikati. Kilichobadilika ni mahali vita vilipotokea: mwaka 1888 mji ndio uliosimama kujitetea, mwaka 1905 bara ndiyo iliyosimama, na mji ukajikuta upande wa boma. Kwa maoni yangu ulinganisho wa Hemedi na Jamaliddini una nyama kuliko huo uliouchagua. Lakini umeshachagua, na kazi ni ya kurudisha, tuendelee.

Jambo moja zaidi juu yake: karatasi. Utenzi wa Jamaliddini ulichapwa kwenye jarida la Kijerumani mwaka 1933, ukachapwa tena Kampala mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Mashairi mengi ya pwani ya zama zile yamefika kwetu kwa njia ya namna hiyo, yakiwa yamekusanywa na Wajerumani kama Carl Velten, aliyekuwa akisomesha Kiswahili Berlin. Maana yake ni kwamba tunachokiita "sauti ya wakati ule" kimepita mikononi mwa mshindi kabla ya kutufikia sisi. Waliokunywa maji nao walikuwa na nyimbo zao. Hakuna profesa wa Berlin aliyewafuata na daftari.

Basi, umtetee au umshutumu? Hukuulizwa hilo, mwanangu, na mtahini hatakupa alama kwa kuchukua upande. Ila umeniuliza mimi, nami sitakukwepa. Naona Jamaliddini hakuwatendea haki babu zako. Naona pia hakuficha alipokaa, na kwa hilo namheshimu. Ukitaka kuona mtu aliyejaribu kuingia ndani ya imani ile, chukua tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, mtunzi naye akiwa mtoto wa mkoa huuhuu. Kule maji si uongo tu. Ni neno lililozaliwa na mtu likakua likamzidi nguvu aliyelizaa. Lakini Hussein aliandika nchi ikiwa huru tayari, hakuwa na moshi wa kuogopa, na mwaka mmoja kabla yake wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam walikuwa wamekwenda vijijini kuwasikiliza wazee. Kila mtu na kiti chake.

Shaaban Robert ni rahisi kidogo. Alikuwa Tanganyika, mtumishi wa serikali, na vita vya 1939 hata 1945 vilikuwa ng'ambo. Utenzi wake una beti zipatazo elfu tatu, na ulitoka kitabuni mwaka 1967, mwenyewe akiwa ameshafariki miaka mitano nyuma. Vita hivyo vilimfikia kwa habari, kwa magazeti na kwa midomo ya watu. Kwa hiyo watendaji wake ni mataifa na watawala, na mgogoro wake ni wa haki na dhuluma, kitu kikubwa chenye ramani ya dunia. Hatishiki kama mtu wa Lindi ya 1905, kwa sababu moto haukuwa ukisogelea paa lake. Anatafakari. Anapima. Anafundisha, na mara nyingine, samahani wapenzi wake mnisamehe, anafundisha mno, mpaka unatamani apite mpagazi mmoja na sanduku lake.

Lakini usikubali kumwacha hapo. Litazame jina la kitabu. Anaviita vita vya uhuru, naye anatunga akiwa raia wa nchi inayotawaliwa na mmojawapo wa wapiganaji hao hao wa uhuru. Je, neno hilo analitumia kama alivyopewa na redio ya mtawala, au analihifadhi kwa matumizi ya baadaye? Soma ukiwa na swali hilo. Mimi nina jibu langu. Silitoi, kwa sababu utalinakili.

Sasa ona ulichonacho. Washairi wawili, hakuna aliyeshika bunduki, wote wametumia bahari moja, na wote wanaona upande mmoja una haki zaidi. Ulipoandika "wanafanana" hukukosea. Tofauti yao iko katika umbali: mmoja yuko karibu kiasi cha kuogopa, mwingine yuko mbali kiasi cha kuwaza. Kutokana na hilo, mmoja anahitaji mtu wa kulaumiwa na mwingine anahitaji kanuni. Ukilipata hilo, takriri yako itapata kazi. Wanafunzi huandika takriri "inasisitiza". Inasisitiza nini? Anayeogopa hurudia jina la hatari. Anayefundisha hurudia jina la fadhila. Nenda kahesabu ni maneno gani kila mmoja anayarudia, na kama nimekosea uniambie, maana beti ziko mbele yako.

Usidhani umbali ni aibu, lakini. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728 juu ya vita vya zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, na vita vile vinasikika. Mwengo bin Athumani alikuwa mbali kwa karne, na akautumia umbali huo kama mchoraji anavyorudi nyuma hatua kumi aione picha yote.

Na kuna mashairi ambayo hayasimulii vita, yanavianzisha. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga hivyo, majibizano na watu wa Lamu, ubeti ukiwa mkuki wa kwanza. Huko hutakuta -ka- nyingi, utakuta amri: jifungeni, shikeni, njooni. Huku kwetu Machemba, kiongozi wa Wayao, mwaka 1890 alimjibu Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa barua ya Kiswahili: amesikia maneno, haoni sababu ya kutii, urafiki anautaka, utumwa hautaki, na kama ni vita, yuko tayari. Ni nathari, lakini isome kwa sauti uone kama haina mizani. Mwisho wa yote alivuka Ruvuma akaenda Msumbiji.

Ruvuma imevukwa pande zote mbili. Wakati wa vita vya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, watu wa Mtwara waliishi na vita vya jirani mlangoni, na wapiganaji nao walitunga. FRELIMO ilitoa mkusanyo wa mashairi ya mapambano mwaka 1971. Jorge Rebelo ana shairi ambamo mpiganaji anamwambia mama yake kwamba sasa ana bunduki, yeye yuleyule mwanawe ambaye mama alimwona amefungwa minyororo akalia. Nalipenda kwa sababu ya anayeambiwa. Mtu anayemsimulia mama hawezi kuhesabu maiti kama takwimu. Bunduki imo ndani ya shairi, lakini iko kati ya mama na mtoto. Msikilizaji naye ni sehemu ya umbali: Hemedi anawasimulia waungwana, Rebelo anamsimulia mama, mpagazi wangu wa Mahiwa hana wa kumsimulia.

Vita vya Kagera nitavipita haraka. Henry Muhanika alivitungia utenzi, na watu wengi walituma mashairi magazetini. Neno la kuliangalia ni "nduli", jina aliloitwa Idi Amin wa Uganda. Likishatamkwa hilo, mgogoro umeshahukumiwa kabla ya ubeti wa pili, na hakuna tena nafasi ya askari wa Uganda mwenye mama. Nilikuwa na umri wa kulitamka kwa furaha. Sijutii, ila nalitambua.

Kitu cha mwisho cha kupasua: vita vinaishia ubeti gani? Maji Maji kwenye vitabu vya serikali vilikwisha bunduki ziliponyamaza. Vijijini havikwisha. Jeshi lilikuwa limechoma maghala na mashamba, njaa ikafuata, na njaa ndiyo iliyoua wengi. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliweka kati ya 250,000 na 300,000. Pengo hilo kati ya hesabu mbili ni suala la fasihi pia, usiwaachie wanahistoria peke yao. Mshairi anayefunga utenzi wake kwa ushindi na dua amechagua kutoihesabu njaa kuwa vita. Anayeendelea mpaka kwenye chungu kisicho na kitu amechagua vingine. Angalia Jamaliddini anafunga wapi. Angalia Shaaban Robert anafunga wapi. Andika aya nzima juu ya hilo, ikiwezekana mbili.

Utaniuliza uanze vipi. Usianze na "Vita ni hali ya mapigano kati ya pande mbili". Anza hivi, kisha ubadilishe maneno yawe yako: "Jamaliddini alitunga akiwa katika mji ambao vita vingeweza kuufikia, Shaaban Robert alitunga akiwa katika nchi ambayo vita viliipita mbali. Ndiyo maana wa kwanza anatafuta mdanganyifu na wa pili anatafuta haki, ingawa bahari yao ni moja." Sentensi hizo mbili zina dai, na mtu anaweza kulibishia. Kila aya itakayofuata iwe ushahidi wa dai hilo, huku washairi wote wawili wakiwa ndani ya aya moja. Usimalize mmoja ukamwita mwingine. Ukiona aya ina jina la mshairi mmoja tu, ujue umerudi kuorodhesha.

Na bibi yako. Muulize kama anaukumbuka wimbo wowote wa siku zile aliousikia kwa mama yake au bibi yake, hata kipande. Uandike kwa Kimatumbi kama anavyoutamka, usiutafsiri kwanza, na mwache akuambie ulikuwa unaimbwa wakati gani: shambani, ngomani, au wakati wa kumlaza mtoto. Hautaingia kwenye insha hii, mwalimu wako ametaka washairi wawili. Lakini ukiupata niletee, nami nitakuonyesha -ka- yake iko wapi, kama Kimatumbi kinayo.